Ufunguo wenye mkia

Juzi dogo wa studio yangu alikuwa chumba cha nyuma anachomelea waya wa maiki, moshi wa risasi ya kulehemu ukapenya chini ya mlango ukanikuta nimezama kwenye hedifoni. Nikazivua. Moshi huo nimeuvuta miaka yote na haunisumbui, ila ukikutana na joto la saa nane mchana na honi za nje unanipeleka moja kwa moja Mtaa wa Aggrey, Kariakoo, mwaka 2014. Nimesimama nyuma ya fundi simu, na mwalimu wa kwaya kanishika bega kama tuko msibani.

Studio ilikuwa bado Sinza. Kwaya ilikuwa imetoka Iringa, inalala ukumbi wa kanisa, na tiketi za kurudi zilishakatwa: basi la alfajiri, Ubungo. Zilibaki nyimbo mbili, na mojawapo ndiyo iliyobeba jina la albamu. Siku hiyo walikuja wamevaa sare, vitenge vipya vya bluu, kwa sababu jioni walitakiwa kupiga picha za kava.

Kwa wadogo zetu ambao hawakuukuta ule ufunguo niseme kidogo. Programu kubwa za muziki zilikuja na kitu kama flashi, unakichomeka kwenye kompyuta, kataa kadogo kanawaka. Leseni yako haikukaa kwenye kompyuta, ilikaa kwenye chipu iliyo ndani ya hicho kitu. Unaweza kuweka programu kwenye kompyuta za mtaa mzima, lakini itakayofunguka ni ile yenye ufunguo. Ukiuchomoa kazi ikiendelea, unaletewa ujumbe na mchezo unaishia hapo. Cubase, mojawapo ya programu hizo za kurekodi, walianza mtindo huo zamani za kompyuta za Atari, ufunguo ukichomekwa kwenye tundu la katriji. Watu wa Pro Tools, programu nyingine, ufunguo wao unaitwa iLok. Ukivunjika, utaratibu wa kawaida ulikuwa kuurudisha kwa wenyewe wakuhamishie leseni kwenye mwingine. Ukipotea, wengi wao walikuwa na jibu moja tu: ni sawa na umedondosha pesa, kanunue upya.

Wangu niliununua kwa pesa ya upatu, zamu yangu ilipofika. Mtaa mzima, kuanzia Sinza mpaka Mwananyamala, ulikuwa unatumia programu zilizokrakiwa, yaani zilizovunjwa kufuli zitumike bila kulipia, na kazi zao zilikuwa zinapigwa redioni kama kawaida. Mimi ndiye niliyekuwa natajwa kwa kicheko: "yule mwenye orijino."

Kompyuta ilikuwa chini ya meza. Matundu ya nyuma yalishajaa kadi ya sauti, kinanda na diski, kwa hiyo ufunguo ulikaa mbele, umetokeza usawa wa goti. Mama mmoja wa sauti ya kwanza alipita kati ya meza na ukuta kuniletea soda. Upindo wa kitenge ukanasa. Tak. Kwenye skrini ukaja ujumbe, na kwenye hedifoni kimya.

"Mwanangu, nimekanyaga nini?"

Kichwa cha chuma kilibaki kwenye tundu, na mwili wa plastiki ulikuwa sakafuni. Nikamwambia si kitu, mama, kaa tu. Watu zaidi ya ishirini wakanitazama usoni wakajua ni kitu.

Prodyuza wa jirani aliitwa na makelele. Alipoelewa akaleta diski yake. "Kaka, nikuwekee ya kwangu, dakika ishirini tu." Hapa nataka niwe mkweli, kwa sababu nimewahi kusifiwa kwa uadilifu na sikukanusha. Kilichonizuia kuchukua ile ya kwake ni kwamba ilikuwa toleo la zamani, na mradi wangu ulitengenezwa kwenye toleo jipya, haukufunguka. Sauti zenyewe zilikuwepo kwenye folda, mafaili ya WAV, hayafungwi na ufunguo wowote. Lakini vinanda vyote vilikuwa MIDI, yaani maelekezo tu ya kupigwa na si sauti iliyorekodiwa, ndani ya mradi, na zile sauti nilizikata na kuziunga vipande vipande kwa siku nzima. Kuanza upya ilikuwa sawa na kuwarudishia pesa yao.

Mwalimu wa kwaya alikuwa mtu mfupi, mpole, asiyeinua sauti hata akikemea. Alichukua vile vipande viwili akavifunga kwenye karatasi ya nota, unajua zile zao za do re mi zenye koloni katikati, akaitia mfuko wa shati. "Twende kwa fundi," akasema. Nikamweleza kwamba hiki si kitu cha fundi, kuna kampuni, kuna barua pepe, kuna utaratibu. Akaniuliza kampuni iko wapi. Nikamwambia Ulaya. Akashaanza kuvaa viatu.

Tukapanda bodaboda mshikaki mpaka Kariakoo.

Fundi alikuwa kijana wa jezi ya Yanga, meza yake kipande cha mbao chenye kioo, simu zilizofumuliwa zimetapakaa. Akageuzageuza ule mwili wa plastiki. "Humu kuna picha?"

"Hakuna picha. Kuna ruhusa."

"Ruhusa ya nini?"

"Ya kufungua programu."

"Si uliinunua?"

"Niliinunua."

Akanitazama kidogo, kisha akamtazama mwalimu, akaona tuko timamu, akachukua kisu.

Plastiki ilipasuliwa kwenye mshono wake. Ndani palikuwa na kibao cha kijani kidogo kuliko kucha ya gumba la mguu, chipu moja nyeusi, na kataa. Akakivuta chini ya lenzi yenye mwanga, nikainama naye. Pale kichwa kilipokatikia, njia nne za shaba zilipaswa kufika ukingoni. Mbili zilifika. Mbili zilibanduka zikaondoka na kichwa. Nikahisi tumbo limeshuka. Yeye hata hakuguna. Akatoa wembe akaanza kukwangua ile rangi ya kijani nyuma zaidi, karibu na chipu, taratibu, akipuliza vumbi baada ya kila mkwaruzo, mpaka ukatokea mstari wa shaba mwembamba kama uliochorwa kwa sindano. Kisha wa pili. Akavipaka flaksi, dawa ya kufanya risasi ishike, akavigusa na ncha ya pasi ya kulehemu, na kila mstari ukapata tone lake la risasi linalong'aa.

Halafu akainama chini ya meza akaibuka na mausi ya zamani. Akaikata mkia. Ndani ya waya wa mausi mna nyaya nne: mbili za umeme, volti tano na hasi yake, na mbili za data. Akaziunga moja moja, kibano mkono huu, pasi mkono ule, jasho likimtiririka puani na yeye akilirudisha kwa bega. Mwalimu alikuwa anaimba kwa pua, sauti ya besi, bila kujijua. Mteja mmoja akaja kuulizia kioo cha simu, fundi akamjibu bila kuinua kichwa: "Subiri, nafanya upasuaji."

Kompyuta ya kujaribia hakuwa nayo. Aliiazima meza ya pili, kwa jamaa anayeingiza nyimbo na filamu kwenye simu za watu. Nimelifikiria sana hilo baadaye. Kitu pekee halali kwenye mtaa ule kilipimwa kwenye laptopu iliyojaa kazi za wasanii ambao hawajalipwa hata senti, na bila shaka zangu zilikuwemo.

Kataa kakawaka.

"Asante Yesu!" akasema mwalimu.

"Subiri, mzee," akasema fundi.

Kweli, laptopu ikaandika kwamba kifaa hakitambuliki. Umeme unafika, mazungumzo hayafiki. Mwalimu akaniminya bega. Fundi akakaa kimya, akiutazama mkia wa mausi, akisugua kidevu. Rangi za nyaya za mausi za bei rahisi hazina sheria. Nyeupe na kijani, zile za data, zinaweza kuwa zimepishana na zisimwambie mtu. Akazichomoa zote mbili, akazibadilisha nafasi, akapulizia. Akachomeka tena.

Ule mlio wa Windows wa kifaa kilichokubaliwa, ti-dong, mnaujua wote. Sijawahi kutengeneza muziki mzuri kuliko ule.

Akamwagia gundi ya moto pande zote isitikisike. Bei elfu tano. Mwalimu, ambaye dakika moja kabla alikuwa analia machozi kabisa, akaanza kuomba apunguziwe: "Kijana wangu, hii ni kazi ya Mungu."

"Risasi nanunua dukani, mzee."

Tukalipa elfu tano.

Usiku ule tulimaliza. Ufunguo niliugandisha juu ya meza kwa plasta, na yule mama akajitenga mwenyewe mpaka karibu na mlango, akaimba akiwa huko. Ukisikiliza vizuri sauti ya kwanza kwenye wimbo wa mwisho iko mbali kidogo. Picha za kava walipiga usiku, kwa flashi ya simu. Wakaondoka na basi lao.

Niliwaandikia wenye programu. Walijibu kwa adabu sana. Ufunguo uliovunjika wanaubadilisha, ila usiwe umefunguliwa. Ukishafunguliwa, hawana namna ya kujua kama hakuna aliyeuchezea. Nikawaambia ni kweli umechezewa, kwa elfu tano, na unafanya kazi. Hawakujibu tena. Nimelizungusha hilo mara nyingi na bado sijui wakosaji ni akina nani. Mtu akikuletea kufuli lililofumuliwa na kuungwa waya wa mausi, nawe unaishi kwa kuuza makufuli, utamwambiaje? Lakini ningewafuata wao, ufunguo ungekuwa bado angani wakati kwaya inashuka Iringa mikono mitupu. Basi nikaendelea nao hivyohivyo, na mkia wake, miaka kadhaa. Vijana wakiuona walidhani ni urembo.

Sasa mambo yamebadilika. Cubase 12 ilitoka mwaka 2022 bila ufunguo, na Mei 2025 wakaufunga kabisa mfumo wao wa zamani. iLok bado wanauza zao, lakini leseni nyingi unaweza kuziweka kwenye kompyuta yenyewe au kwenye wingu, na hiyo ya wingu inataka uwe na intaneti muda wote. Dogo ananiambia hayo ni maendeleo, hakuna cha kuvunjika. Nakubaliana naye siku nyingi. Ila Mei 2024, nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilipokatika na intaneti ikawa ya kubahatisha, nilimkuta prodyuza mwenzangu amekaa kwenye ngazi za studio yake anakula karanga, kompyuta nzima, umeme upo, msanii yuko ndani, programu haimtambui. Aliniuliza kama nina la kumshauri. Kwa mara ya kwanza sikuwa na fundi wa kumpeleka.

Kwaya ile walitoa albamu, iliuzika vizuri tu makanisani huko kwao. Salio la kurekodi hawajamaliza mpaka leo. Kila nikimpigia mwalimu huwahi kuniuliza habari za ule ufunguo, na tukimaliza kuuzungumzia, salio la simu limekwisha.