Sili tatu msimu mmoja, kumbe mchawi ni shafti

Paua tila yangu, yaani katrekta kadogo ka kutembea nako kwa miguu, nilinunua mkononi kwa mtu hapa Mbarali, Mbeya, ni zile za Kichina za hp 12 zilizojaa enzi za Kilimo Kwanza, ile kampeni ya serikali ya kilimo, 2009 kuendelea, kwahiyo sio mtoto tena, rangi imeisha na mkono mmoja umechomelewa mara sijui ngapi. Injini haina neno, silinda moja ya dizeli, ukiipiga hendeli inadunda mpaka jioni.

Shida ilikua kule nyuma kwenye rotari, ile shafti yenye visu inayozunguka kulima. Msimu uliopita kila nikitoka majarubani nakuta oili inachuruzika pembeni ya boksi la cheni, nikilegeza bolti ya chini inatoka kitu kama chai ya maziwa, yaani maji ya jaruba yameshaingia ndani, na hapo ukikaza kulima tu ujue beringi na cheni vinasagika kimya kimya. Nikanunua sili, ile pete ya raba inayobana shafti oili isitoke na maji yasiingie, nikafunga, wiki mbili ikaanza tena. Nikasema ile feki, nikamtukana muuza spea moyoni (anisamehe), nikanunua nyingine, hadithi ile ile. Ya tatu nikampelekea mzee mmoja fundi, hata hakuiangalia. Akafuta shafti na kitambaa, akaniambia mwanangu pitisha ukucha hapo.

Ukucha ukanasa. Kuna kamfereji kamezunguka shafti nzima, pale pale mdomo wa sili unapokaa. Raba imekula chuma! Sio raba peke yake lakini, ni mchanga unaonasa kwenye mdomo, inakua kama msasa unazunguka kutwa nzima. "Sasa unaleta mpya unaikalisha kwenye shimo la zamani, itazuia nini?" mzee akaniuliza.

Basi akalainisha shafti kwa msasa laini, akapaka grisi kwenye mdomo wa sili, akaigonga taratibu na kipande cha mbao, ila hakuizamisha mpaka mwisho, aliacha kama milimita mbili ili mdomo ukae sehemu ambayo haijaliwa. Namba ya sili ile ile, 35 55 10, yaani milimita za shafti, tundu, unene. Akasema mfereji ukizidi hapo ni kuijaza shafti na kuichonga upya, au kununua nyingine. Halafu akanionyesha nyuzi za viroba na nyasi zilizojisokota kwenye shafti, ndo zinazoanza kukata mdomo wa sili, kwahiyo sasa hivi kila jioni nazikata na kisu hata kama nimechoka vipi.

Mikanda nayo, ziko tatu, usibadilishe mmoja, mpya utabeba mzigo wa wenzake na utakatika wa kwanza. Na visu vya rotari vina kushoto na kulia, mimi nilishachanganya nikashangaa mashine inanivuta pembeni kama ng'ombe mkaidi.

Leo nimelegeza bolti ya chini, oili nyeusi tupu. Beringi ya kushoto ndo imeanza kulia, hiyo naifungua Jumapili.