Matofali 300 Yaliyoniaibisha Kayole

Nianze na yule jirani aliyeniambia, "Mpangaji mkimbizi atakuhama usiku na deni lako." Mkimbizi mwenyewe ni Papa Furaha, mtu wa Uvira kule Kongo, na huu ni mwaka wake wa sita kwenye ploti yangu hapa Kayole, Nairobi. Aliyenihama usiku ni binamu yangu wa damu.

Vyumba vyangu vilikuwa vya mabati. Saa saba mchana hukai ndani, saa kumi alfajiri unalala na sweta. Nikataka matofali ya kushonana, yale ya udongo na simiti kidogo, yanayoshindiliwa kwa mashine ya mkono bila kuchomwa. Papa Furaha alishawahi kujengea kwao, tukaelewana: yeye ashindilie na wanangu, mimi nimkate nusu ya kodi hadi kazi iishe.

Sasa ujanja wangu. Kununua udongo wa nini, na ploti nzima ni udongo? Papa Furaha akaufinya mkononi, akasema, "Mama, hii budongo iko mubaya, itakulia simiti bure." Nikamjibu kwamba Kayole nimezaliwa. Tukapiga 300. Siku ya nne yalikuwa na nyufa za kupitisha kidole, mvua ikaja ikayalainisha kama ugali wa jana. Udongo wetu mweusi wa Eastlands huvimba ukilowa, hunywea ukikauka. Hata msingi tulichimba mpaka tukaupita udongo huo.

Hakunicheka. Alichukua chupa ya plastiki, akatia udongo theluthi, maji, chumvi kidogo, akatikisa, akaiacha dirishani hadi kesho yake. Mchanga hutua chini, mfinyanzi, ule udongo laini unaovimba, hukaa juu. Wangu ulikuwa karibu wote mfinyanzi! Tukapima ule mwekundu wa lori, wa upande wa Kikuyu, tukauongeza mchanga, ukakubali. Mfuko wa simiti ulitoa kama 90. Fundi mmoja alisema siku tatu zatosha matofali kukomaa. Asikudanganye: tuliyafunika nailoni na kuyanyunyizia maji wiki 2.

Pesa? Kama nusu ya alizonitajia fundi wa mawe, ukisahau yale 300, nami nimeyasahau.

Vyumba 4 vimesimama. Kimoja ni cha Papa Furaha, cha pili mama mmoja wa Machakos, na mchana watoto wao hulala humo bila kulia joto. Yaliyobaki ya 300 yapo nyuma ya choo, kuku wanataga juu yake. Juzi yule jirani aliniuliza kama nayauza.