Futi kamba kwanza: nilivyochagua vifaa vya bei nafuu vya ndani ya gari la umeme

Kabla ya kununua chochote niliandika mambo matatu: toleo la gari na mwaka wake, usukani uko upande gani, na vipimo vya kila mahali nilipotaka kuweka kitu. Kifaa cha bei nafuu kinaweza kukataa kukaa vizuri hata kama si kibovu. Jina la gari peke yake halitoshi. Konsoli ya katikati (sehemu ya kuwekea vitu kati ya viti vya mbele) ya Tesla Model 3 ilibadilishwa kwenye magari ya 2021, hivyo trei ya konsoli ya zamani haiingii kwenye mpya. Gari lenye toleo la mafuta na la umeme nalo lina mtego wake: betri mara nyingi huwekwa chini ya sakafu, na umbo la sakafu linaweza kutofautiana hata kama milango na viti ni vilevile.

Nilianza na kapeti za sakafuni, maana hapo ndipo usalama ulipo. Nilichagua plastiki laini aina ya TPE badala ya PVC. TPE hukunjika bila kuacha alama na haina harufu kali, ilhali PVC ya bei ya chini hunuka gari likipata joto, na madirisha ya gari la umeme mara nyingi hufungwa ili kiyoyozi kisitumie chaji nyingi. Ukipata kapeti mkononi, ianike juani saa moja kisha inuse. Kuianika huko pia hunyoosha kingo zilizojikunja kwenye boksi. Ukingo uwe umeinuka sentimita mbili hivi, maji ya viatu yasimwagike kwenye zulia la chini.

Kapeti ya dereva lazima iwe na matundu yanayolingana na vishikizo vya sakafuni. Toa ya zamani kwanza. Usiweke kapeti juu ya kapeti hata siku moja. Gari likiwa limezimwa, kanyaga pedali ya mwendo hadi mwisho, iachie, kisha isukume kapeti mbele kwa kisigino na ukanyage tena. Ikigusa pedali hata kidogo, irudishe dukani. Mwaka 2009 Toyota iliita mamilioni ya magari yake yarudishwe kurekebishwa nchini Marekani kwa sababu kapeti zingeweza kunasa pedali, na mota ya umeme hutoa nguvu yake papo hapo, kwa hiyo dereva ana muda mfupi zaidi wa kujiokoa.

Kizuia jua cha paa la kioo ndicho kifaa kilichoniletea faida kubwa kuliko vyote. Kiyoyozi hula betri ileile inayoendesha magurudumu, kwa hiyo joto lililozuiwa ni kilomita zilizobaki. Chandarua peke yake hupunguza zaidi mwanga mkali, joto jingi linapita. Tafuta chenye tabaka mbili, chandarua pamoja na kitambaa kinachoakisi. Pima kioo chenyewe, si paa zima: Tesla Model 3 ina vioo viwili vyenye upau katikati, Model Y ina kimoja kirefu. Fremu ikizidi ukubwa hupinda na kuchomoka kwenye barabara mbovu. Ikipungua, kitambaa hulegea na kugusa vichwa vya abiria. Kile cha kioo cha mbele ni cha gari lililoegeshwa tu, na kiwe na nafasi iliyokatwa vizuri pale penye kamera na vihisi karibu na kioo cha kutazamia nyuma.

Kwenye trei na visanduku vya konsoli kuna jambo ambalo wenye magari ya mafuta hawalioni: ukimya. Hakuna injini ya kufunika sauti, hivyo plastiki inayogongana kwa nusu milimita utaisikia safari nzima. Mimi hubandika vipande vya felti (kitambaa kizito laini) yenye gundi, unene wa milimita moja, kwenye pembe nne na chini. Kisha naendesha kwenye barabara yenye mashimo, redio na feni vikiwa vimezimwa, kwanza trei ikiwa tupu, halafu ikiwa na funguo na sarafu. Rangi nyeusi inayong'aa niliiacha, maana huonyesha kila mkwaruzo.

Kinga ya skrini hununuliwa kwa kipimo cha sehemu inayoonyesha picha. Kioo kinachofika hadi kwenye mkunjo wa ukingo huinuka pembeni baada ya siku chache. Cha mati (kisichong'aa) hupunguza mng'ao wa jua, ila picha huwa na chembechembe kidogo. Kibandike gari likiwa kivulini na skrini imezimwa na kupoa: futa kwa spiriti, kausha, nyanyua vumbi kwa selotepu, kisha kilaze kuanzia upande mmoja bila kukibana. Chembe moja ya vumbi haiondoki kwa kusuguliwa; inua kona uitoe kwa selotepu.

Gundi ya pande mbili hushindwa zaidi kwenye plastiki iliyopakwa dawa ya kung'arisha. Sugua kwa spiriti, bana kwa nguvu sekunde thelathini, na usitundike uzito wowote kwa saa 24.

Umeme ndio ulionifanya nikatae vifaa vingi. Magari mengi ya umeme bado yana betri ndogo ya volti 12, na ikifa, gari haliwaki hata betri kubwa ikiwa imejaa. Kamera ya dashibodi inayokula wati 5 huchukua takriban ampea 0.4, yaani karibu ampea-saa 10 kwa siku nzima. Magari mengine huijaza betri ndogo yakiwa yameegeshwa, mengine hayafanyi hivyo ipasavyo. Soma kitabu cha gari lako kabla ya kuunganisha kitu kisichozimika. Soketi yenye fyuzi ya ampea 10 inabeba wati 120 kwa jumla, hesabu chaja zote pamoja. Nyaya za rangi ya chungwa ni za volti kubwa na zinaua. Usizitoboe wala usipitishe kitu chako kando yake.

Siti kava nilinunua tu zenye uwazi upande wa mfuko wa hewa ulio ubavuni mwa kiti. Kava ya usukani niliiacha kabisa, kwa kuwa baadhi ya magari hutambua mikono ya dereva kupitia ngozi ya usukani. Vifuniko vya pedali vya kuvalisha navyo sivigusi: raba ikichakaa huteleza, na mguu unaoikanyaga ndio unaofunga breki.