Pantoni ndogo au kubwa? Nilivyoamua mimi hapa Minnesota

Kwanza mniwie radhi naiita pantoni, mimi mtu wa Kigamboni, Dar, kwetu pantoni ni kivuko cha watu na magari, sina jina lingine. Siku namwambia dada yangu kwa simu kwamba nataka kununua pantoni akauliza sasa magari utakuwa unayavusha kwenda wapi. Hizi za huku ni boti bapa, sakafu imelazwa juu ya mitungi miwili mirefu ya alumini, juu kuna makochi na turubai la kivuli, watu wanakula humo, wanavua samaki, wanalala usingizi. Mkulima wa hapa hapa Minnesota, Ambrose Weeres, ndo alizianzisha mwanzoni mwa miaka ya 1950, alipachika jukwaa la mbao juu ya mapipa ya chuma basi, na ukichungulia chini ya hizi za leo unaona mambo ni yale yale.

Nilibakiwa na mbili za kuchagua, zote zimetumika. Moja futi 18, injini hospawa 50, watu 8, dola 9,500. Nyingine futi 24, hospawa 115, chini ina mitungi mitatu badala ya miwili, watu 13, dola 23,000. Moyo ulikuwa kwenye kubwa, nisidanganye. Nilishajiona nimeshika usukani, miwani usoni, ukoo mzima nyuma na sufuria la pilau. Mama watoto akaniuliza kitu kimoja tu, "hao kumi na tatu wamekuja kwetu mara ngapi mwaka jana?" Nikahesabu. Mara mbili, Idi na Idi. Siku zingine zote ni sisi wanne, na jirani akiwa hana kazi.

Bado sikukubali. Nikasema tukodi kwanza, nusu siku kila moja, na hela ile ya kukodi siijutii hata senti. Ndogo tuliijaribu ziwa Minnetonka, Jumamosi, hapo nilikosea maana Jumamosi ya Julai pale ni kama Kariakoo juu ya maji. Boti kubwa zikapita zinatuachia mawimbi, watu wangu wamejazana mbele wanapiga picha, mimi kwa woga nikakata moto ghafla. Pua ikazama, maji yakaingia mpaka kwenye viatu, mwanangu wa miaka saba anacheka mama yake hacheki. Kumbe hutakiwi kukata moto ghafla, unapunguza kidogo tu ili pua ibaki juu na watu unawarudisha nyuma. Mzee aliyetukodisha alinieleza hayo baada ya kurudi, sijui kwanini sio kabla.

Kubwa ilikuwa tamu, mawimbi yale yale inayakata huku chai haimwagiki. Tatizo lilikuja kwenye gati. Hizi boti hazina kina majini ila juu zina ubavu mkubwa kama tanga, upepo ukizishika zinaondoka tu, na futi 24 ni ubavu mwingi. Nilizunguka mara nne kutafuta pa kuegesha watu wamesimama wanaangalia, mpaka kijana mmoja akaruka akashika kamba. Nikawaza hapo ningekuwa peke yangu na watoto ingekuwaje.

Ila kilichoamua hasa ni gari. Sisi tuna Sienna, mwisho wake wa kuvuta ni pauni 3,500. Wauzaji wanakutajia uzito wa boti kavu, yani bila injini, bila mafuta, bila trela, afu wewe unafurahi. Nilikaa na kalamu nikajumlisha vyote. Ndogo ikaja kama pauni 2,800. Kubwa ikapita 4,000 na bado sijapakia hata boksi la barafu la vinywaji. Kwa hiyo kununua kubwa ilikuwa ni kununua na pikapu juu yake, na kuhifadhi nako wanachaji kwa futi, na huku miezi kadhaa ya mwaka ziwa ni barafu, boti inakaa ndani inakula hela imelala.

Tukachukua ndogo. Ningekuwa naishi ufukweni kwenye ziwa kubwa, boti haitoki gatini, ningechukua ya mitungi mitatu bila kufikiria mara mbili, ila mimi kila safari navuta trela, nashusha, napandisha, nafyeka majani yaliyonasa, natoa kizibo maji yatoke maana ndo sheria hapa usihamishe viumbe vya ziwa moja kwenda lingine. Na wikiendi tunachagua maziwa madogo madogo, Minnetonka Jumamosi sirudi.

Idi ya kuchinja iliangukia Juni, wakaja wote, tukawa kumi na tano. Dereva mimi, saba kwanza, saba baadaye. Kundi la pili lilikaa gatini na pilau lao kama dakika arobaini, niliporudi kundi la kwanza wanavua laifu jaketi kuwapa wenzao, shemeji akasimama mbele kabisa anapiga kelele, "Sisi tumekata tiketi tangu asubuhi, pantoni ilikuwa mbovu au?"