Tulivyokula Addis Ababa na mama mkwe

Mume wangu alipopata semina Addis Ababa tuliamua kwenda wote: yeye, mimi, watoto na mama yake. Watoto hawakunitia wasiwasi. Kazi ilikuwa kwa mama mkwe, mtu wa Tanga ambaye hata Dar hali nyama ya hotelini mpaka ajue kachinja nani.

Kilichotuokoa ni mfungo wa wenyeji. Waorthodoksi wa Ethiopia hufunga kila Jumatano na Ijumaa, mbali na Kwaresima yao ya siku 55, na wakifunga hawagusi nyama, mayai wala maziwa. Kwa hiyo migahawa mingi ina chakula cha mfungo, na siku za kawaida pia unakipata. Unasema tu "ye tsom beyaynetu", yaani mchanganyiko wa vyakula vya mfungo, suala la uchinjaji linaishia hapo. Nyama tulikula kwenye migahawa ya Waislamu, nayo haikuwa taabu kuipata.

Sinia lilikuja limetandikwa injera, ile chapati yao laini na pana, juu yake vilima vidogo vidogo: shiro ya unga wa dengu, adesi nyekundu zenye berbere (viungo vyao vyekundu vya pilipili), mboga za majani, kabichi na karoti. Mama mkwe akachana kipande cha injera kitupu, akanusa, akaonja.

"Mwanangu, hiki kimechacha."

"Ndivyo kinavyotakiwa, mama. Unga wa teff, nafaka yao ndogo, unalazwa siku mbili tatu kwanza."

Akaguna. Nikamwomba asile injera peke yake, achote nayo shiro, maana ule uchachu unahitaji kitu kizito cha kuupoza. Alikuwa bado anafikiria pale bibi mmoja wa meza ya jirani, ambaye bila shaka alikuwa akitutazama muda wote, alipoinuka, akaviringisha tonge kubwa kwa mkono wake wa kulia na kulielekeza moja kwa moja mdomoni kwa mama mkwe. Hiyo ndiyo gursha. Kwao kulishana ni mapenzi na heshima, na kukataa ni kumvunjia mtu uso. Mama mkwe akafungua mdomo. Angefanyaje? Akatafuna, akameza, akasema "ahsante dada", kisha mkono wake ukarudi siniani bila kuambiwa.

Watoto niliwaanzishia alicha, ile michuzi ya manjano isiyo na pilipili. Berbere waliizoea taratibu. Asubuhi waliigomea mikate ya hoteli, wakataka chechebsa: chapati iliyochanwa vipande, ikakaangwa kwa siagi na berbere. Ukiwawekea asali pembeni huwasikii tena.

Kahawa haikuhitaji kubembelezana. Inakaangwa mbele yenu, inachemshwa kwenye jebena, birika lao la udongo, inamiminwa mara tatu: abol, tona, bereka. Mama mkwe hakuwa tayari kuondoka kabla ya bereka, hata teksi ikisubiri nje.

Kitfo ndiyo ilileta zogo. Ni nyama mbichi ya ng'ombe iliyokatwakatwa laini, ikachanganywa na siagi ya viungo na mitmita, unga wa pilipili kali. Anayetaka ipashwe moto kidogo husema "lebleb", na mume wangu akasema hivyo kwa kujiamini kabisa. Ilipofika mezani mama yake akaiangalia ile rangi, akamwita mhudumu, akamwonyesha jiko kwa kidole. Ikarudishwa mpaka ikaiva.