Treni ya Babu na vitone vyake

"Mama, mbona treni ya Babu inayeyuka huku nyuma?"

Mwanangu alikuwa ameitandaza mkekani ile fulana ya njano ninayolalia, kidole kikifuata vitone vyeusi hadi vinapokwisha. Nikamwambia treni ni ndefu, nyuma kule iko mbali. Hakuridhika. Hata mwenye treni, baba yangu, hakuridhika na jibu hilo.

Ulikuwa mwaka aliostaafu kazi ya reli. Wadogo zangu waliamua siku ya kumpongeza tuvae sare, na mchoro nikaachiwa mimi. Pesa ilitosha wino wa rangi moja tu. Nilichora kichwa cha treni ya TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, kikitokea kwenye kona, mabehewa yakifuata, kutokana na picha aliyopigwa upande wa Mlimba, pale reli inapojiandaa kuupanda mlima kwenda Makambako. Nilitaka mabehewa ya nyuma yapotelee kwenye ukungu. Kwenye kompyuta hilo ni jambo dogo: unaweka rangi inayofifia kutoka nyeusi hadi nyeupe, basi. Fundi wa kuchapa fulana, wa Kariakoo, alipouona mchoro alinirudishia flashi yangu. "Dada, wino wangu hauna kijivu. Upo au haupo."

Hapo ndipo haftoni inapoingia. Magazeti yamechapa picha kwa njia hiyo tangu karne ya 19: wino ni uleule, ila penye giza vitone ni vikubwa, penye mwanga ni vidogo, na jicho la aliye mbali linavichanganya lenyewe. Nilifungua Inkscape, programu ya kuchorea, nikaweka mstatili wenye mfifio juu ya mkia wa treni, nikachora duara moja dogo pembeni, kisha nikaagiza kloni zake, yaani nakala, zijaze eneo lote, kila moja ipime weusi ulio chini yake na kuchukua ukubwa wake kutokana na weusi huo. Safu zikinyooka tu, jicho huona mistari kabla ya kuona ukungu, kwa hiyo nilizikaribisha na kusogeza kila safu ya pili nusu hatua, vitone vikakaa kwa mshazari wa nyuzi 45. Nikaondoa mstatili, nikaviunganisha vitone, nikavikata kwa umbo la mabehewa. Mwisho nikafuta vile vidogo kabisa. Fundi huchapa kwa kupitisha wino kwenye kitambaa cha wavu kilichowambwa kwenye fremu na kupakwa dawa, ambayo huganda penye mwanga na kubaki laini chini ya weusi wa mchoro. Kitambaa chake kilikuwa cha nyuzi 77 kwa sentimita, na kitone kikiwa kidogo mno mwanga hupenya pembeni mwake, dawa ikagandia pale, tundu lisifunguke.

Baba aliomba tufuatane Kariakoo. Tulipofika, fremu ilikuwa imeshapigwa mwanga. Fundi aliisimamisha kwenye beseni, akafungulia maji. Mwanzoni hapakuwa na kitu, dawa ya kijani tupu. Kisha kichwa cha treni kikaanza kutoka, madirisha, magurudumu, na dawa iliyolainika ikateremka na maji. Mabehewa ya mbele yakafuata. Halafu vitone: vikubwa vikafunguka kwanza, kisha vya kati, kisha vile ambavyo nilikuwa nimeviombea, kimoja kimoja, mwanga wa dirishani ukipita ndani yake. Nilishika ukuta. Kazi niliyokuwa nimeiona kwenye kioo cha kompyuta tu ilikuwa sasa matundu halisi, ya kupitisha wino.

Baba alivaa miwani, akasogea mpaka uso ukakaribia kugusa fremu. Aliyafuata mabehewa kwa kidole, moja moja, midomo ikihesabu. Kidole kikasimama.

"La mwisho liko wapi?"

"Limeingia kwenye ukungu, Baba."

"Na taa ya mkiani?"

Sikuwa na la kusema. Kwenye reli, alama ya mkiani ndiyo ushahidi kwamba treni imepita yote. Stesheni masta asipoiona anajua kuna mabehewa yamebaki njiani, na njia haiwezi kupewa treni nyingine. Alikuwa ameishi na sheria hiyo maisha yake yote ya kazi.

"Treni isiyo na mkia imekatika, mwanangu," alisema, taratibu.

Fundi alifunga maji, akatungoja. Nikamwomba Baba arudi nyuma mpaka mlangoni, atazame kutokea pale. Kutoka mlangoni vitone viliungana, mabehewa yakawa ya kijivu, yakaenda mbali kweli. Alitazama kwa muda mrefu kuliko nilivyotegemea.

"Ukungu nauona," alisema. "Mkia sijauona."

Tulichapa hivyohivyo. Siku ya sherehe watu walikula, wakacheza, na Baba aliivaa fulana yake tangu asubuhi. Jioni mstaafu mwenzake akamsogelea, akaweka kidole palepale na kuuliza swali lilelile. Nilifungua mdomo, Baba akaniwahi.

"Lipo. Ningekuwa nimeliacha, ningejua."

Sikumuuliza baadaye kama alikuwa ameukubali mchoro au alikuwa akinisitiri mbele ya wageni. Kazi za namna hiyo nimezifanya nyingi tangu hapo, na kwa macho yangu ukungu ule ulikuwa sahihi. Lakini nikifika kwenye kufuta vitone vya mwisho mkono huwa unasita, kwa kuwa bado sijaamua kama mchoraji ana haki ya kukificha kitu ambacho mwenyewe anajua kipo.