Shubiri si ute: nilivyouguza mguu niliounguzwa na bodaboda

Nilishuka upande wa kulia, upande wa bomba la moshi. Anayepanda bodaboda kila siku ameshaelewa. Shavu la mguu liligusa chuma, ngozi ikababuka kiasi cha kifuniko cha soda. Dereva akanishauri, "Pole dada, paka dawa ya meno." Sikupaka. Niliweka mguu chini ya bomba la maji nyuma ya duka dakika 20, hadi mwenye duka akauliza bili atalipa nani.

Kosa nililifanya usiku. Nina mshubiri kwenye ndoo ya rangi. Nikakata jani, nikalikamulia papo hapo juu ya kidonda. Utomvu wake uliwasha! Kulipokucha, ngozi ya pembeni ilikuwa nyekundu, ina vipele. Nikampigia bibi, Muheza. Akacheka kwanza.

"Mjukuu wangu, umejipaka shubiri yenyewe. Ile ya njano sisi tulipaka kwenye ziwa, mtoto aache kunyonya."

Kumbe jani moja lina vitu viwili. Chini ya ganda kuna utomvu wa njano, mchungu, wenye aloini. Huo huwasha ngozi, na ukiumeza unaharisha. Katikati ndiko kuna ute angavu, karibu wote maji, pamoja na sukari zenye molekuli ndefu zinazoitwa asemanani. Huo ndio unaotuliza. Bibi hayajui hayo majina, ila kukata anajua: chagua jani nene la chini, lisimamishe kwenye glasi, mkato ukiwa chini, mpaka njano iishe kudondoka. Lioshe, toa miiba ya pembeni, menya, suuza ute tena.

Siku hiyohiyo nilikwenda zahanati. Nesi alisafisha, akanichoma sindano ya pepopunda, akafunga shashi yenye mafuta. Nilipomtajia mshubiri hakunikaripia, alisema tu, "Palipo wazi usiweke, jani la ndoo lina vijidudu. Subiri pafunge."

Pakafunga siku ya 11. Hapo ndipo nilipoanza ute, asubuhi na jioni, kwa sababu ngozi mpya ilikuwa inavuta na kuwasha hadi silali. Mwasho ulipungua siku ileile. Kwamba mmea ndio ulioponya kidonda, siwezi kudai. Kilishafunga chenyewe chini ya shashi.

Alama imebaki, rangi ya kahawa. Majirani sasa wanakuja kuomba jani, nami siwapi kabla halijasimama kwenye glasi.